Boti ya faibaglasi huumia kwa hatua: namna ya kuzifuatilia kabla nyuzi hazijakatika

Wamiliki wa boti zinazofanya kazi katika ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, huniuliza swali moja mara kwa mara wanapoleta vyombo vyao nivitengeneze hapa Kisumu: boti hii itadumu miaka mingapi? Swali hilo halijibiki kwa tarakimu, kwa sababu boti mbili zilizotoka katika kalibu moja zinaweza kuishi maisha tofauti kabisa, moja ikivutwa juu ya mchanga kila asubuhi na nyingine ikigongagonga mawe ya gatini. Swali linalojibika, na ambalo ningependa kila mmiliki ajifunze kulijibu mwenyewe, ni iwapo madhara yaliyomo ndani ya boti leo yamezidi yale yaliyokuwemo mwaka uliopita.

Ili kulijibu, lazima kwanza tuelewe jinsi madhara hayo yanavyoanza. Boti nyingi za aina hii hujengwa kwa vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyofumwa, mtande (nyuzi za urefu) ukipita juu na chini ya mshindio (nyuzi za upana), kisha vikaloweshwa kwa rezini inayoganda. Boti inapopanda wimbi na ubavu wake ukapinda, nyuzi zilizolala kuelekea upande wa mvuto hubeba mzigo, lakini zile zinazokatiza upande huo hazisaidii kitu, na rezini iliyoshikamana nazo ndiyo hupasuka mwanzo. Nyufa hizo za kwanza hutokea mapema mno. Mara nyingi huanza wakati nyenzo imevutika kwa chini ya asilimia 1 ya urefu wake, ilhali nyuzi zenyewe bado ziko mbali na kukatika. Mwenye boti haoni chochote, na boti inaendelea kubeba wavuvi na omena kama kawaida.

Hatua ya pili hutokea pale nyuzi zinapopishana. Uzi wa mtande unaopanda juu ya mshindio umepinda, na unapovutwa hutaka kunyooka, hivyo husukuma rezini iliyo juu na chini yake hadi matabaka yaanze kuachana kwenye kipishano hicho. Hapa ndipo ninapouona uzuri wa kitambaa kilichofumwa, kwani mwachano huo hukutana na uzi mwingine uliokatiza njia yake, ukazuiwa usienee kwa urahisi kama ambavyo ungeenea katika matabaka ya nyuzi zilizolazwa upande mmoja tu. Kwa hiyo boti inaweza kukaa muda mrefu katika hali hii, ugumu wake ukipungua polepole sana. Hatua ya tatu, ya nyuzi zenyewe kukatika, huja kwa kasi, na anayeingojea aione kwa macho huwa amechelewa.

Kipigo cha ghafla kina tabia yake. Boti ikigonga jiwe, nje huenda ukaona alama ndogo tu katika jelikoti, yaani tabaka laini la nje la rezini, lakini tabaka za ndani ndizo zilizovutika zaidi wakati ubavu ulipobonyea, na huko ndani doa jeupe la nyufa huwa pana kuliko alama ya nje. Ndiyo maana sikubali kamwe kukadiria kazi ya kutengeneza kwa kutazama upande wa nje peke yake, hata mteja akiwa na haraka namna gani.

Maji nayo yana sehemu yake. Wapo wanaoamini kwamba ziwa letu, kwa kuwa halina chumvi, haliwezi kuidhuru faibaglasi. Ukweli umekaa kinyume. Maji hupenya jelikoti taratibu, yakakuta ndani mabaki ya kemikali yanayoyeyuka, na mchanganyiko unaotokea huvuta maji mengine zaidi kutoka nje mpaka malengelenge yainuke, na mvuto huo ni mkubwa zaidi katika maji ya ziwa yasiyo na chumvi kuliko katika maji ya bahari. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kali inayofanana na ya siki. Boti inayopandishwa pwani ikakauka kila siku huathirika kidogo kuliko ile inayolala majini mwaka mzima.

Sasa nije kwenye ufuatiliaji wenyewe. Katika maabara, wahandisi hubandika vihisio vidogo juu ya nyenzo na kusikiliza nyufa zinapozaliwa, kwa sababu kila ufa hutoa wimbi la sauti ambalo kwa kawaida liko juu ya uwezo wa sikio la binadamu, unaokoma karibu na hezi 20,000. Mjerumani Josef Kaiser alionyesha mwaka 1950 kwamba metali iliyowahi kubebeshwa mzigo hukaa kimya inapobebeshwa tena, mpaka mzigo wa kwanza upitwe. Nyenzo ya nyuzi na rezini iliyokwisha kuumia huivunja kanuni hiyo, ikaanza kutoa sauti kabla ya kufikia mzigo wa zamani, na jambo hilo hutumiwa kama kipimo cha kiasi ilivyoumia. Sisi mafundi wa ziwani hatuna vihisio hivyo, lakini wazo lililomo linatufaa sana: pima leo kwa namna ileile uliyopima jana, kisha ulinganishe.

Kipimo cha kwanza ni kugonga. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole asikilize kama kina ufa, na boti hugongwa vivyo hivyo kwa sarafu au nyundo nyepesi ya plastiki. Mahali palipo pazima hutoa sauti kali na fupi, na mahali ambapo matabaka yameachana hutoa sauti butu. Fanya kazi hii alfajiri, kabla injini hazijawashwa. Juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, sauti hubadilika hata kama hakuna kasoro, kwa hiyo linganisha taruma na taruma, na ubavu na ubavu. Zungushia kila sehemu butu mstari wa kalamu isiyofutika na uandike tarehe kandokando yake.

Kugonga hakuonyeshi nyufa ndogo za rezini. Hizo huonekana kwa mwanga, kwa kuwa kioo na rezini huruhusu nuru kupita: weka taa yenye nguvu upande mmoja usiku, tazama upande wa pili, na sehemu zilizoumia zitajitokeza kama madoa yenye ukungu. Rangi nzito huziba nuru hiyo, na ndiyo sababu humwomba kila anayeagiza boti mpya aache bila rangi, ndani na nje, vipande vichache karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) na kwenye tezi (nyuma ya boti) inaposhikiliwa injini, kwani huko ndiko mzigo ulikojaa. Wino uliopakwa kwenye jelikoti na kufutwa mara moja hubaki ndani ya nyufa na kuzichora vizuri. Usitumie mafuta badala ya wino, kwa sababu rezini mpya haitashika mahali palipopakwa mafuta.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha ugumu, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Iweke boti juu ya magogo mawili, daima katika alama zilezile, weka mfuko wa mchanga wa kilo 50 katikati ya sakafu, tandaza chuma kilichonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na upime kwa rula sakafu imeshuka milimita ngapi. Pima asubuhi kungali na ubaridi, kwa maana jua la mchana huilegeza rezini na kukupotosha. Iandike tarakimu hiyo daftarini. Ikiongezeka mwaka hadi mwaka huku mfuko ukiwa uleule, sakafu inapoteza ugumu, hata kama macho yako hayaoni ufa wowote.

Uamuzi hutokana na mwenendo. Weupe usiokua na usiobadilisha sauti, nauacha na kuutazama tena baada ya miezi michache. Sehemu butu inayovuka mstari wa kalamu inahitaji kutengenezwa bila kungoja msimu uishe. Nyuzi zikionekana zimekatika, boti isiingie majini kabisa.

Wakati wa kutengeneza, saga mpaka weupe wote uishe, ukiulaza mwinamo kiasi cha milimita 12 kwa kila milimita 1 ya kina, ikauke kabisa, kisha pandisha tabaka za mati (nyuzi fupi zisizofumwa) na za kitambaa kilichofumwa kwa kupokezana. Rezini ikishakauka vizuri, gonga ukingo wote wa kiraka, kwa kuwa hapo ndipo kiraka huanza kuachia, chora ramani mpya ya sehemu butu, na urudie kipimo cha mfuko wa mchanga kabla boti haijarudi ziwani. Tarakimu utakayoipata siku hiyo iandikwe ukurasa mpya, na vipimo vya baadaye vilinganishwe nayo.