Paka anatapika: nisubiri hadi lini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Paka wangu jike wa miaka miwili ametapika mara nne tangu jana usiku. Mwanzo alitoa chakula, sasa anatoa povu na maji ya njano. Hataki kula, amejikunyata chini ya kitanda. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani. Jirani anasema ni manyoya tu yamemkwama, nimpe nusu ya Panadol na maziwa. Nisubiri?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usisubiri, dada. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii.

Na Panadol usimpe hata chembe. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja parasetamoli kama la binadamu. Nusu kidonge chaweza kumuua. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi zikageuka kahawia au bluu, uso na miguu vikavimba. Kama ameshapewa, mwambie daktari mara tu ufikapo, maana tiba ipo ila inataka kuwahi. Maziwa nayo yaache, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Ni kweli paka hutapika manyoya anayoyameza akijilamba. Lakini akishatoa lile donge refu jembamba, hujifuta na muda si mrefu anakulilia chakula. Paka wa namna hiyo, au aliyetapika mara moja kwa kula kwa pupa, mwangalie tu nyumbani. Mnyime chakula saa chache, maji asikose, kisha mpe kidogo kidogo. Wako hayuko hivyo. Kinachonitia hofu zaidi ya hesabu ya matapishi ni kwamba amejificha na hataki kula. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliye mnene, mafuta hujazana kwenye ini na hapo unakuwa na ugonjwa wa pili.

Kwa kuwa una cherehani, nina shaka na uzi. Kama hakuumi, mfungue mdomo taratibu uchungulie chini ya ulimi. Uzi hunasa pale kwenye shina la ulimi, ncha nyingine ikashuka hadi tumboni. Utumbo unajikunja marinda juu yake na mwisho unakatwa. Ukiuona, usiuvute! Hata ukiuona umetokeza nyuma, usiuvute. Hiyo ni kazi ya upasuaji. Kisha bana ngozi ya mabegani na kuiachia: ikirudi polepole, amepungukiwa maji na huenda akahitaji dripu.

Kwa wengine wenye paka, wapo wasioweza kungoja hata kukuche: dume anayejikamua kwenye mchanga na mkojo hautoki, kwa sababu njia imeziba na sumu inarudi kwenye damu, mtoto wa paka asiyechanjwa anayetapika na kuharisha, paka anayetapika damu au kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa, na yeyote unayeshuku amekula sumu ya panya. Msimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi yenyewe humdhuru.

Mbebe kwenye kikapu chenye kifuniko. Piga picha ya matapishi, na hesabu sindano zako kabla hujatoka. Kama kuna iliyopotea na uzi wake, daktari ataanza na eksirei.