Kwako unayeanza kuwaombea wagonjwa

Huu ni mwaka wangu wa 19 katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa. Wanaojiunga huuliza swali lile lile: nikifika kitandani niseme nini? Nami huwauliza: leo asubuhi uliomba?

Soma Marko sura ya 1. Jioni mji mzima umekusanyika mlangoni, Yesu anawaponya wengi. Mstari wa 35 unamkuta alfajiri na mapema, mahali pasipo watu, akiomba. Danieli naye alipiga magoti mara 3 kwa siku, na amri ya mfalme ya kukataza maombi ilipotoka hakubadili saa zake. Anayeomba pale tu anapoitwa hospitalini hufika na maneno mengi na moyo mkavu, na mgonjwa huligundua hilo upesi.

Anza na dakika 10 kila asubuhi, kabla hujashika simu. Zaburi moja, majina ya wagonjwa wako, kisha ukimya. Kuna siku utaona kama unaongea na ukuta. Keti vivyo hivyo.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilimwambia mzee mmoja, "Ukiamini, utainuka." Hakuinuka. Siku zake za mwisho alizimaliza akijichunguza ni dhambi gani iliyozuia maombi yake, na mzigo huo nilimtwika mimi. Nilimrudia nikamwomba radhi, naye akanishika mkono, lakini mpaka leo linaniuma. Tangu hapo simwahidi mtu uponyaji. Mtume Paulo alisihi mara 3 mwiba wa mwilini mwake umtoke, akajibiwa kuwa neema yamtosha. Na Trofimo, mwenzake wa safari, Paulo alimwacha mjini Mileto akiwa mgonjwa. Nani atasema Paulo alipungukiwa imani?

Wala usimwambie mtu aache dawa. Mfalme Hezekia alipougua alilia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15, na nabii Isaya yule yule aliyemletea habari hiyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mwenye kisukari au presha akikuambia amepona, furahi naye, ila vidonge aendelee navyo mpaka daktari ampime na kuamua.

Kitandani omba kwa ufupi, na umwombe ruhusa kabla ya kumwekea mikono. Kumpaka mgonjwa mafuta waachie wachungaji: Yakobo 5:14 inawataja wazee wa kanisa, tena mgonjwa ndiye anayewaita. Akilia, usimkatize kwa mistari ya Biblia. Akisema imani imemwishia, mpe sala ya yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu, Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo nimeisali na wagonjwa kuliko nyingine yoyote, na mara nyingi nimeirudia peke yangu njiani nikitoka kwao.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, jina lake usilifute kwenye daftari. Wiki zile wageni wanapopungua ndizo ngumu zaidi. Mpigie, umwulize leo tuombee nini.