Usimponde mwandishi ambaye hujamsoma

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa na kitabu kimoja cha James Hadley Chase, mwandishi wa riwaya za uhalifu, kimechakaa, nimekifunika kwa gazeti kwa sababu mwalimu wetu wa fasihi aliviita vitabu vile takataka. Siku moja nikapanda matatu mjini Mombasa kwenda Bamburi, nikafungua kitabu. Kuja kushtuka, tuko Mtwapa. "Msomi, hiyo ni nauli nyingine!" makanga akanicheka. Nikalipa.

Chuo kikanibadilisha. Nilirudi najiona mjuzi, nikakaa kibarazani Mji wa Kale, kikombe cha kahawa mkononi, nikimponda Stephen King, yule wa riwaya za kutisha, mbele ya ami mmoja muuza vitabu vya mtumba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Vyake umesoma vingapi, mwanangu?"

Hata kimoja. Nilikuwa nimebeba maneno ya Harold Bloom, profesa wa Yale, aliyekuja juu mwaka 2003 King alipotunukiwa nishani ya National Book Foundation kule Marekani. Bloom alikuwa na hoja zake. Mimi nilikuwa kasuku tu.

Kwa hivyo, kama mwandishi anasomwa na dunia nzima nawe roho inakutuma umdharau, soma kwanza kurasa hamsini. Kisha rudi pale aliponasa roho yako, usome polepole. Juzi nimemrudia Chase. Wanawake wake ni wa karatasi kweli, na Marekani yake aliiokota kwenye ramani na kamusi za lugha ya mitaani, maana alikuwa Mwingereza. Hapo mwalimu hakukosea. Lakini anavyokata sura za kitabu! Nilijaribu kuandika hivyo wiki nzima, sikuweza hata sura moja.

Umaarufu nao usikutishe. Muyaka bin Haji, wa hapa hapa Mvita, aliyefariki karibu 1840, aliutoa ushairi misikitini akaupeleka sokoni, na leo anafundishwa vyuoni. Bila shaka walikuwepo malenga wengine walioshangiliwa wakati huo, na majina yao hatunayo.

Siku ile ile nilinunua King kwa ami. Nikaomba anipunguzie. Akakataa katakata: huyo, alisema, ndiye anayemlipia kodi ya nyumba.