Nimelifuta nililomwandika mtu: je, dhima imenitoka?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, mimi ni mwandishi. Naandika makala, na nina ukurasa mtandaoni wenye wafuasi wengi. Kuna mtu niliyefanya naye kazi akanidhulumu malipo yangu. Niliandika habari zake bila kumtaja jina, lakini niliweka alama ambazo wanaomjua walimtambua mara moja. Mengine niliyashuhudia mwenyewe, mengine niliambiwa. Watu wakamtukana yeye, mkewe na wanawe. Baadaye moyo ulinisuta nikalifuta andiko, ila skrinishoti zake bado zinasambazwa. Je, matusi ya wale watu yananihusu? Kulifuta kunatosha kuwa toba? Na mwenzangu ananishauri ama niandike kwa jina la bandia, ama niache kabisa kuandika mambo ya watu. Naomba mwongozo.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, nianze kwa jibu la mkato kisha nilifafanue. Kulifuta andiko ni wajibu na umefanya vyema, lakini hiyo ni sehemu ya toba tu, toba yenyewe haijakamilika. Sehemu ya matusi yale inakuhusu. Na kuacha kuandika si sharti la toba yako.

Tuanze na hilo la kutomtaja jina, kwa kuwa naona waandishi wengi wanalitegemea kama kinga. Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba zake kama wanajua usengenyi ni nini, kisha akawaeleza: ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa, je, ikiwa analo hilo linalosemwa? Akajibu kwamba ikiwa analo umemsengenya, na ikiwa hanalo umemzulia. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Haikushurutisha jina. Imam Nawawi katika kitabu chake cha Al-Adhkaar ameeleza wazi kwamba hata kusema "kuna watu wamefanya hivi" ni usengenyi iwapo msikilizaji anamfahamu mkusudiwa. Naye Imam Ghazali alikwishasema katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba kusengenya kwa maandishi ni sawa na kusengenya kwa mdomo, maana kalamu ni mojawapo ya ndimi mbili.

Utaniambia: mbona Mtume (s.a.w.) naye alikuwa akisema "wana nini watu wanaofanya kadhaa na kadhaa" bila kutaja majina? Ni kweli, na ni katika adabu zake tukufu. Lakini yeye aliacha jina ili amsitiri mkosaji, watu wapate funzo na mwenyewe abaki na heshima yake. Wewe uliacha jina, ukaweka alama. Jiulize kwa ukweli: siku ile ulitaka asitambulike, au ulitaka atambulike bila wewe kubanwa?

Hata hivyo, haki yako siidharau. Umedhulumiwa malipo, na aliyedhulumiwa ana nafasi yake katika dini hii. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Wanazuoni, akiwemo Nawawi, wametaja hali sita ambazo mtu huruhusiwa kumsema mwingine, na ya kwanza ni hiyo ya kushtaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa: hakimu, mwenye mamlaka, au mzee anayesikilizwa na pande zote mbili. Hind bint Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi yeye na wanawe kinachowatosha. Alimtaja mumewe kwa aibu yake, wala hakukemewa, kwa sababu alikuwa anatafuta haki mahali inapopatikana, akasema kadiri ya haja yake na hakuzidisha.

Je, umma wa mtandaoni ni mahali inapopatikana haki? Mara nyingine ndiyo, sikatai. Zipo dhulma ambazo milango yote imefungwa mpaka zisemwe hadharani. Lipo pia jambo la kuwatahadharisha watu na mtu anayewala mali zao, nalo ni katika zile hali sita. Mwandishi anayefichua ubadhirifu wa mali ya umma kwa ushahidi, mimi namwona yuko kwenye ibada akisafisha nia yake. Lakini kila ruhusa ina kipimo chake. Malipo uliyonyimwa ungeweza kuyataja peke yake. Ukivuka hapo ukaingia katika tabia zake, nyumba yake na yale uliyosimuliwa, ruhusa ya aliyedhulumiwa haikufikishi huko.

Na hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko pote katika swali lako: umesema mengine uliambiwa. Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kauli ya Mtume (s.a.w.) kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Ona jinsi kauli hii inavyombana mwandishi. Hakuzua chochote, alisikia tu akapeleka, na bado anahesabiwa mwongo. Qur'ani nayo, katika Suratul Hujuraat aya ya 6, inawaamuru waumini wathibitishe habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, wakabaki kujuta kwa walilolitenda. Sehemu hiyo ya andiko lako, iwapo haikuwa kweli, imetoka kwenye usengenyi ikaingia kwenye uzushi. Iwapo ilikuwa kweli, uliisema bila kujua kuwa ni kweli. Sioni njia ya kukutoa hapo.

Turudi kwenye kisa kilichomo katika Suratun Nuur, cha uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini Aisha (r.a.), mke wa Mtume, aliposingiziwa uzinzi baada ya vita vya Banul Mustaliq. Watu wengi wanakijua kwa ujumla, lakini mwandishi akisome upya akitazama kila mtu alifanya nini na lile neno. Aliyebeba sehemu yake kubwa ni Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina. Urwa, mpokezi wa kisa hiki kutoka kwa Aisha, anaeleza katika Sahihi ya Bukhari kwamba maneno yale yalikuwa yakizungumzwa kwake naye akiyaacha yaendelee, akiyasikiliza na kuyachochea yazidi kutoka. Fikiri juu ya mtu huyo, kisha fikiri juu ya mwenye ukurasa anayekaa kutazama maoni yakimiminika, asimkataze anayetukana, na huku akifurahia idadi inavyopanda. Kisha wapo waumini wa kweli waliokuwa wakipokea na kupeleka, nao ndio walioambiwa katika aya ya 15 kwamba walidhani ni jambo dogo, na kumbe mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Na yupo Zaynab bint Jahsh (r.a.). Huyu alikuwa mke mwenza wa Aisha, na Aisha mwenyewe amekiri kuwa ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo kwa Mtume. Alipoulizwa na Mtume kuhusu Aisha, alikuwa na kila sababu ya kibinadamu ya kusema neno. Akajibu kuwa anayalinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Dada yake, aitwaye Hamna bint Jahsh, aliteleza katika jambo hilo hilo.

Sasa matusi ya wafuasi wako. Kanuni ya msingi ni kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, hivyo kila aliyetukana anabeba tusi lake kamili, na asije mtu akajificha nyuma yako. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mwenye kuanzisha mwenendo mbaya ana mzigo wake na mfano wa mizigo ya wanaoufuata, bila mizigo yao kupungua kitu. Dalili iliyo karibu zaidi na hali yako ni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba katika madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Maswahaba wakastaajabu: mtu atawatukanaje wazazi wake? Akawaambia kuwa humtukana baba wa mwenzake, naye akamtukania baba yake. Tusi limetoka kwenye kinywa cha mwingine, likaandikwa kwa aliyelisababisha. Hili linakupasa wewe kwa kadiri ulivyojua au ulivyopaswa kujua kwamba wasomaji wako watafanya hivyo. Mwandishi mwenye wafuasi wengi anawajua wasomaji wake. Akilirusha jina au alama ya mtu mbele yao, anajua kitakachofuata.

Katika ndoto ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Samura bin Jundub, alionyeshwa mtu anayepasuliwa shavu kwa ndoana ya chuma hadi kisogoni, na upande mmoja ukipona linarudiwa lile lile. Akaelezwa kuwa ni mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi akasema uongo unaoenea pande zote za dunia. Karne nyingi watu waliisoma hadithi hii bila kuwa na chombo cha kuufikisha uongo wao pande zote za dunia kabla jua halijazama. Leo kila mtu anacho mkononi.

Tuje kwenye toba. Mwenyezi Mungu, alipowataja walioficha ukweli, aliwatoa katika laana wale "waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha" (Al-Baqara, aya ya 160). Aya imeteremka kwa jambo jingine, lakini wanazuoni wameichukua kuwa ni msingi kwa kila aliyeeneza batili: toba yake ni pamoja na kubainisha. Kwa hiyo andika. Andika pale pale ulipoandika mwanzo, kwa watu wale wale, kwamba ulisambaza maneno ambayo hukuyathibitisha na umeyarejesha. Usiyarudie hayo maneno yenyewe katika kuyakanusha, kwani utawapa habari ambao hawakuipata. Waombe walio na skrinishoti wazifute. Watakaokataa, hilo halimo katika uwezo wako, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri iwezavyo.

Na tafadhali, iwe fupi. Nimeona maandiko ya kuomba radhi ambayo mwandishi anajieleza yeye, usiku aliokosa usingizi na moyo wake ulivyo laini, mpaka wafuasi wanamliwaza yeye na aliyedhulumiwa heshima yake amesahaulika.

Kisha mwendee mwenyewe. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu mtu aliyesengenywa na habari haijamfikia, je, aambiwe aombwe radhi au aombewe maghufira tu bila kuchokozwa. Kwako khitilafu hiyo haina nafasi, kwa kuwa yamemfika, tena na ahli yake. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa aliye na dhulma ya ndugu yake, katika heshima yake au kitu kingine, ajitoe leo kabla haijaja siku isiyo na dinari wala dirhamu. Mwombe radhi, na mkewe pia apelekewe ujumbe kwa njia ya staha. Usiyaweke mazungumzo hayo mtandaoni. Madai yako ya malipo hayafutiki kwa kuomba radhi. Unaweza kumwambia kwa sauti ile ile kwamba umekosa na kwamba bado unamdai. Akikataa kukusamehe, mwombee dua, na mtaje kwa mema yake unayoyajua kwa kweli mbele ya wale uliowasimulia mabaya yake.

Jina la bandia lenyewe si haramu. Anayehofia nafsi yake kwa kusema kweli ana udhuru. Lakini mwenzako anakushauri ulitumie kwa sababu gani? Ikiwa ni ili uendelee na yale yale bila kuulizwa, basi waandishi watukufu waliotajwa katika Suratul Infitaar, yaani malaika wanaoandika matendo yetu, hawasomi jina la akaunti. Tena umma huu ulijengewa elimu yake juu ya kumjua msemaji. Abdullah bin al-Mubarak alisema kwamba isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari, ni katika dini, na lau si isnadi kila mtu angesema alitakalo. Neno lisilo na mwenyewe halina wa kuulizwa, na ndiyo maana huwa jepesi kutoka.

Ama kuacha kuandika, sikushauri. Suratush Shu'araa imewalaumu washairi wanaosema wasiyoyatenda, kisha ikawatoa katika lawama walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka sana Mwenyezi Mungu, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Hassaan bin Thaabit (r.a.) alikuwa mshairi wa Mtume, naye aliteleza katika kile kisa cha uzushi. Hakuambiwa aache ushairi. Miaka ikapita, Urwa akataka kumtolea maneno makali mbele ya Aisha, Aisha akamkataza, akasema Hassaan alikuwa akimtetea Mtume. Hassaan mwenyewe alimwendea Aisha akamsomea beti za kumsifu, kwamba ni mwanamke msafi mwenye staha asiyekula nyama za walioghafilika, yaani hasengenyi. Aisha akayasikia yote, akamjibu: "Lakini wewe hukuwa hivyo."

Wallahu a'lam.