Mita ya oksijeni inagoma kuvuka 7.2, nirudishe dukani?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nafuga sato kwenye vizimba huku Ukerewe, Ziwa Victoria, nimenunua mita ya mkononi ya kupima oksijeni, ile ya mwanga. Nimeiseti vizuri tu, nikaijaribu kwenye ndoo niliyoipuliza hewa mpaka basi, maji nyuzi 25, inasoma miligramu 7.2 kwa lita. Chati ya mtandaoni inasema iwe 8.26. Jirani anasema inabidi niitikise ndani ya maji. Nirudishe dukani? Na nipime saa ngapi?

JIBU: Usirudishe ndugu yangu, hiyo mita ni nzima kabisa. Hiyo 8.26 ni ya usawa wa bahari, mtu wa Tanga ataipata, ila Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari na huko hewa ni nyepesi kwa hiyo maji yakishiba oksijeni yanaishia hapohapo 7.2, hakuna mita itakayokupa zaidi kwenye ndoo hiyo labda iwe inakudanganya.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Kama mita yako inataka uiingizie presha ya hewa kwa mkono, usichukue ile ya kwenye simu upande wa hali ya hewa, ile huwa imeshapigiwa hesabu kama vile uko baharini, utaona milibari 1013 hivi, wakati presha halisi hapo ziwani ni kama 884. Ukiweka 1013 mita itakusomea juu kuliko ukweli, samaki wanakosa pumzi na wewe unaona namba nzuri, hiyo inaniuma sana maana ni pesa ya mtu inakufa hivihivi.

Kuhusu kutikisa, jirani yako anaongelea zile za zamani zenye kiwambo na maji ya dawa ndani, zile zinakula oksijeni kidogokidogo zikipima ndo maana maji lazima yatembee. Hii yako inapiga mwanga wa bluu kwenye rangi iliyopo kwenye kofia ya sensa, rangi inawaka nyekundu, na oksijeni ikiwa nyingi ule mwako unazimika haraka, mita inapima tu umezimika haraka kiasi gani. Haili kitu. Isogeze kidogo ili joto litulie mapema, kisha subiri namba isimame.

Muda: saa 11 alfajiri, kabla jua halijatoka. Usiku mwani nao unavuta oksijeni kwa hiyo alfajiri ndo chini kabisa, ukipima saa 9 alasiri maji ya kijani, ambayo mwani wake umeshinda juani ukitoa oksijeni, yanaweza kukuonyesha hata zaidi ya asilimia 100 ya kiwango cha kushiba ukarudi nyumbani unacheka. Na usipime pembeni ya boti tu, shusha kebo katikati ya kizimba mpaka karibu na kitako cha wavu, halafu linganisha na nje ya kizimba. Ikiwa juu ya miligramu 5 kwa lita lisha kama kawaida. Chini ya 3 usimwage chakula kabisa, samaki akishiba anahitaji oksijeni zaidi na hiyo ndo haipo, subiri ipande.

Kofia ya sensa ifute utelezi kwa kitambaa laini na maji, usiguse spiriti wala asetoni, na uihifadhi kwenye kikombe chake chenye sponji yenye unyevu. Ikichubuka rangi au namba zikianza kuyumba hata baada ya kuiseti upya, hapo nunua kofia mpya, sio mita nzima.