Kujisomea supasimetria ukiwa Nyanda za Juu: jibu kwa mleta mada wa Iringa

Mdogo wangu, umeuliza mawili: kama mwenye shahada ya kwanza ya fizikia anaweza kujisomea supasimetria (wazo kwamba kila bosoni, chembe kama fotoni, ina mwenzi fermioni, chembe kama elektroni, na kinyume chake) akisubiri nafasi ya uzamili, na kama bado ina maana ilhali LHC, ile mashine ya CERN huko Ulaya ya kugonganisha chembe, haijaona chembe wenzi hizo. Mimi nilijisomea hapahapa Mbeya, Uyole, kabla sijaenda masomoni nje, na sasa nafundisha.

Inawezekana, ila wengi huanzia pabaya. Wanashusha ile makala ndefu ya Stephen Martin, iliyoko bure tangu 1997 kwenye arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi mtandaoni, halafu wanakimbilia majina ya chembe wenzi: skwaki, gluino, neutralino. Makala ni nzuri sana (niliichapisha yote Mwanjelwa, mwenye steshenari akaniuliza kama ni mambo ya uganga), lakini inamtaka mtu aliyeiva kwenye nadharia ya uga wa kwanta, inayounganisha makanika ya kwanta na uhusianifu.

Anza na makanika ya kwanta unayoijua. Mwaka 1981 Edward Witten alitumia makanika hiyo hiyo ya kawaida kuonyesha supasimetria katika umbo dogo. Chukua chembe iliyofungwa ndani ya kile kisanduku chenye kuta zisizopenyeka. Shusha nishati zote mpaka ngazi ya chini iwe sifuri, kisha igawe Hamiltoniani (opereta ya nishati) iwe zao la opereta mbili, A-daga mara A (A-daga ni kiambatanishi cha A). Sasa geuza mpangilio: A mara A-daga. Unapata tatizo jingine kabisa, potenshali yake inapanda kwa moja juu ya saini mraba, lakini ngazi za nishati ni zilezile, isipokuwa ile ya sifuri haipo tena. Ifanye kwa mkono mpaka mwisho. Ukishaona ngazi zinavyopangana jozi jozi, habari ya bosoni na fermioni wenzi haitakutisha.

Kutoka hapo nenda kwenye uga wa kwanta na spinori za vijenzi viwili, yaani hesabu zinazoeleza fermioni. Usiziruke hizo spinori, ndizo zinazowaangusha watu. Halafu soma Coleman na Mandula wa 1967: walithibitisha kwamba ulinganifu wa ndani wa chembe hauwezi kuchanganywa na ule wa muda-anga. Uthibitisho wao ulihusu komuteta tu (AB kutoa BA). Ukiruhusu antikomuteta (AB kujumlisha BA) mlango unafunguka, na mwaka 1975 Haag, Łopuszański na Sohnius walionyesha mlango huo unafika wapi. Opereta ya supasimetria, Q, hugeuza bosoni kuwa fermioni. Antikomuteta yake na mwenzake inakupa msogeo katika muda-anga. Hapo mimi huwaacha wanafunzi wakae kimya kidogo, kwa sababu hakuna aliyeitarajia.

Kuhusu LHC: Higgs ilipatikana 2012, masi yake kama GeV 125, lakini chembe wenzi hazijaonekana. Kama unasoma ukisubiri tangazo la CERN, utachoka bure. Ila kama chombo cha hisabati iko hai sana. Angalia walichofanya Seiberg na Witten mwaka 1994 kuhusu ufungwaji wa chembe (kwa nini kwaki hazionekani peke yake), jambo ambalo hesabu za kawaida hazifiki.

Nafasi: tazama diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, iliyowekwa kwa ajili ya vijana wa nchi kama yetu, ina tawi la fizikia ya nishati kubwa. Aliyeianzisha ICTP, Abdus Salam, ndiye pamoja na Strathdee walioleta supaspesi (muda-anga ulioongezewa vipimo vya supasimetria) mwaka 1974. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati, nao waangalie. Ukikwama kwenye kisanduku, weka picha ya daftari hapa, nitaipitia jioni.