Bibi yangu Mwislamu: naweza kumwombea Misa?

SWALI: Bibi aliyenilea hapa Mikindani alifariki akiwa Mwislamu mcha Mungu. Kwenye jumuiya nimeambiwa "nje ya Kanisa hakuna wokovu". Je, nimwombee Misa? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yetu. Mwombee. Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamruhusu padri kutolea Misa kwa ajili ya yeyote, hai au marehemu. Peleka nia hiyo ofisi ya parokia.

Msemo huo ni wa kale. Mtakatifu Sipriani wa Karthago aliutumia karne ya 3 akizungumzia Wakristo waliojitenga, na kosa la wengi ni kuunukuu mkavu bila kusoma Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Kanisa (1964). Namba 14 inambana anayejua kwamba Kanisa ni la lazima, kisha akakataa kuingia au kudumu humo. Namba 16 yasema asiyemjua Kristo bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri akisaidiwa na neema, aweza kuokoka. Waislamu wametajwa humo waziwazi! Wala huo si ulegevu wa Mtaguso: tayari mwaka 1949 Roma ilikosoa fundisho la Padri Leonard Feeney wa Boston aliyelibana neno hilo kupita kiasi. Huyo anayeokoka, bado ni Kristo anayemwokoa.